Nitabaki na Nini

Duka langu la vipuri vya baiskeli, Barabara ya Nane, Ngamiani,
lina kompyuta tatu, printa moja yenye kiburi,
mashine ya risiti inayolilia mtandao kama mtoto anavyolilia ziwa,
na mimi, Mwantumu, niliyesomea spoki na mnyororo.

Tangu Jumatatu karatasi mbili ziko mezani.
Moja ya Shemdoe, kaandika kwa mkono,
anaomba mshahara ufike laki nne na nusu.
Ya pili imechapwa kwa rangi, imetoka kampuni ya Dar,
imeniita mteja wetu mpendwa mara saba.
Nimehesabu.

Shemdoe, siku ishirini za mwezi hana kazi.
Hukaa karibu na feni na kikombe chake cha chai.
Mume wangu husema, unamlipa mtu kungoja maradhi.
Namjibu, na zimamoto je, tuwafukuze
kwa kuwa mji haujaungua?

Maana siku mashine ilipogoma,
wateja wa Pongwe wamejaa hadi mlangoni,
ni yeye aliyepiga magoti chini ya kabati la tairi,
akaukuta waya uliotafunwa,
akaufunga kwa kipande cha mpira wa ndani.
Dakika kumi na moja.
Fundi wa mbali atamjulia wapi panya wangu?

Lakini mwezi wa nne mama yake alifariki, Bumbuli.
Akaenda kuzika, kama ipasavyo.
Nywila zote zikaenda naye kichwani,
zikapanda mlima, huko simu haishiki.
Siku tatu niliuza kwa daftari,
pole mdomoni, hasira tumboni,
na aibu juu ya vyote viwili:
nimpigieje mtu mwenye udongo wa kaburi mkononi
nimuulize herufi kubwa ni ipi?

Ndipo kampuni ikanipa mwezi wa majaribio.
Sauti nyororo: tatizo lako limepokelewa,
namba yako ni elfu nne mia sita na tatu.
Nikawaona wale elfu nne mia sita na wawili
wamekaa kwenye benchi mbele yangu.
Ila haki isemwe: usiku uleule walitengeneza.
Mshale ulitembea wenyewe kwenye kioo,
ukafungua, ukafunga, ukasafisha virusi
ambavyo Shemdoe aliviita uzee wa mashine.
Nilishukuru, na nywele zikanisimama.
Ulipofika kwenye faili la madeni ukasita,
pengine mtandao tu ulikwama,
lakini mle yumo Mzee Ngoda wa Makorora
na mkopo wa tairi mbili ambao mkewe haujui.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Waliosema hivyo hawakusema mgeni apewe funguo.
Wala hawakusema mwenyeji mmoja
azimeze zote.

Jana niliwauliza wote wawili:
ukiondoka, nitabaki na nini?
Kijana wa kampuni alinisomea kifungu cha kumi na nne.
Shemdoe alinyamaza, akatazama feni.

Leo asubuhi kaja na daftari la jalada la kijani.
Kalichora duka zima, kila waya unapopita,
hata tundu la panya,
na nywila moja moja, kwa mwandiko wa mtu anayeandika wosia.
Ukurasa wa mwisho:
Virusi vile sikuvijua. Hivyo waachie wao.

Nimelifungia sandukuni, pamoja na hati ya kiwanja.
Kwenye karatasi yake nimeandika laki tatu na themanini,
na kila Jumamosi umfundishe mwanangu Kidawa.
Kwenye ya kampuni: usiku tu, virusi tu,
faili la madeni msiliguse.
Sijui kama hesabu itakaa.

Nilipotaka kuchapa nakala, printa ikameza karatasi,
ikawasha taa yake nyekundu.
Shemdoe alinitazama.
Akavua saa, akakunja mikono ya shati.